Stesheni Masta wa Mji Usio na Stesheni

Mji wa Kakamega hauna stesheni ya reli. Ukitaka kuona reli, panda gari uende Webuye, ama uteremke mpaka Butere, ambako laini ya kutoka Kisumu ilifika ikachoka ikalala. Lakini sisi wa ploti moja pale Amalemba tulikuwa na Stesheni Masta wetu, na ole wako umwambie kwamba hapa hapana treni. Mimi nilimwambia siku ile ile alipohamia mlango wa pili kutoka saluni yangu. Nilikuwa namsuka mtu, nikasema kwa mzaha, "Masta, sasa huku utapokea treni gani?"

Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Daktari akihamia kwa watu hawaugui," akasema, "anaachanga kuwa daktari?"

Nikafunga domo langu, jambo ambalo wateja wangu watakwambia si la kawaida.

Jina lake nalijua na sitalitaja, maana hata mke wake hakulitumia. Wote tulimwita Masta. Mke wake ni Mtaita, alimpata Voi wakiwa vijana, yeye akiuza tiketi na binti wa watu akija kila mara kuulizia treni ambayo hakuwa na nia ya kuipanda. Sisi tulimwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa Kiluhya chake mpaka leo ni cha kuombea chumvi tu. Walikuwa wazee wawili wembamba, wasafi wa kuudhi. Walipiga deki mpaka nje ya mlango wao, halafu wakaanza kuutazama mlango wangu.

Naomba niseme mapema kilichokuwa kinawasumbua, msije mkadhani nawaletea mzee wa kuchekesha na filimbi yake. Hawakuwa na kwao. Masta alizaliwa upande wa Malava, baba yake alikuwa na shamba, na shamba lipo. Lakini reli ilimwajiri akiwa kijana, akaishi maisha yake yote kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja, na hakujenga isimba. Isimba ni nyumba ndogo ambayo kijana hujenga kwenye boma la baba yake akishatahiriwa. Asiyeijenga hana mguu wa kuingilia pale, awe na mvi, awe na shahada. Hawezi kujenga nyumba kubwa kabla ya ile ndogo, na akifa, mahali pa kumlaza panakuwa na maneno. Siku moja kwenye matanga ya binamu yao, Masta alisimama akaomba mbele ya watu aonyeshwe pa kujenga, yeye na Kukhu wakazeekee huko. Ndugu yake mdogo, ambaye ndiye analima lile shamba, naye akasimama.

"Reli ilikuchukua," akasema. "Basi reli ikuzike."

Masta alivaa kofia yake. "Reli haizikangi mtu," akajibu, akamshika mkewe mkono, wakarudi mjini.

Kukhu aliponihadithia nilitupa kitana chini. Haki ya Mungu nilitamani kufunga saluni nikamtafute huyo ndugu nimpe vidonge vyake. Mtu afanye kazi mpaka magoti yaote kutu, halafu aambiwe akazikwe na mataruma ya reli! Hata sasa nikiandika damu inanichemka, na sijaona sababu ya kuipoza.

Sasa, huyo ambaye reli ilimnyima kwao ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa reli. Na hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Ukiisifu reli mbele yake, alikutandika kwa historia. Ukiitukana, alikutandika kwa historia ile ile kutoka upande wa pili. Hadithi ya kwamba babu zetu waliiona treni wakaiita nyoka wa chuma, ambayo kila mtoto wa shule anaipenda, ilimtia kichefuchefu. "Nyoka gani?" alikuwa akifoka. "Nyoka anasimamanga kupakia mahindi? Babu zetu hawakuwa wajinga. Waliona chuma, wakajua ni chuma. Wanandi waling'oa nyaya na boliti wakatengeneza mapambo na silaha. Unang'oanga boliti za nyoka?"

Chumba cha mwisho kwenye ploti alipanga kijana mmoja wa chuo cha kilimo cha Bukura, kijana mwenye adabu, ila alipenda kusema mambo yaliyoandikwa. Jumamosi moja alikuwa amekaa kwenye benchi la saluni akingoja simu yake ipate chaji, akasema kwamba bila reli sehemu hii yote ingekuwa pori, reli ilituletea maendeleo na soko la mahindi.

Masta alikuwa anapita na karai. Alisimama. "Maendeleo ya nani?"

"Ya nchi, Masta."

"Nchi ya nani?"

Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia kichwa nilichokuwa nasuka.

Masta aliweka karai chini akaingia kwake, akatoka na atlasi iliyokuwa haina jalada tena. Aliifungua magotini mwa yule kijana. "Ona hapa. Reli imetoka Mombasa, ikaja Nairobi, ikaja Nakuru, ikafika ziwani. Baadaye wakavuta tawi mpaka Butere. Iliunganisha Mumias na Kitale? Iliunganisha Kakamega na Kisii? Hapana. Ilitoka shambani ikaenda baharini. Unajua mrija wa pombe ya busaa? Chungu kiko hapa katikati ya wazee, na mwenye kuvuta amekaa kule mwisho. Hiyo ndiyo reli. Wakatutoza kodi ya nyumba ili tukatafute pesa, na pesa iko wapi? Iko kwa kubeba mataruma. Wahindi waliletwa kwa meli kuijenga, wengine wakaliwa na simba kule Tsavo, wengine wakabaki wakafungua maduka, ndiyo hayo mpaka leo."

Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila nchi aliipitia na kidole chake chenye kucha fupi. Pale reli zote zinakimbilia bandarini, alisema, ujue wenyewe walitawaliwa. Pale zinashikana kama wavu, kila mji na jirani yake, ujue wenyewe walijijengea. Amerika ilishonwa mashariki na magharibi kwa reli, na Wachina waliopasua milima wakiijenga wakaja wakafungiwa mlango. Uingereza walizianza kwa kubebea makaa ya mawe, halafu wakaona zinabeba hata jeshi. Kijana alikuwa amesahau simu yake.

"Kwa hivyo, Masta," akasema polepole, "reli ilikuwa mbaya."

Ebo! Ungedhani ametukana mama ya mtu. Masta alimnyang'anya atlasi. "Nani amekwambia mbaya? Walijenga mrija, sisi tukaingia ndani ya mrija! Mluhya, Mjaluo, Mkamba, Mtaita wamebanana klasi ya tatu, benchi moja, wanagawana mayai. Wangejuana wapi? Habari za uhuru unafikiri zilitembea kwa miguu? Wafanyakazi wa reli wakigoma, mpaka gavana chai yake inachelewa. Hawakutujengea sisi. Tuliichukua. Kitu ukishakichukua kwa jasho, usikubali mtu akiite chake, na usikubali mtu akitupe."

Akachukua karai lake akaenda. Kijana aliniuliza, "Sasa nikiulizwa kwa mtihani niandike gani?" Nikamwambia aandike zote mbili, halafu aombe Mungu.

Kukhu alikuwa akisikia haya yote kutoka mlangoni kwake, akichambua maharagwe ya kimanga, chakula cha kwao ambacho walikipenda kuliko obusuma, ugali wetu. Yeye hakuwa na hotuba. "Mimi treni ilinichukua Voi," aliniambia siku hiyo. "Ikanipeleka Makindu, ikanipeleka Londiani, ikanitupa Timboroa kwenye baridi, kisha Webuye. Kila stesheni nilipanda mboga. Kila stesheni barua ya uhamisho ikaja mboga ikiwa ndogo. Huyu anasema tuliichukua reli. Mwulize nani alifunga virago."

Masta alijifanya hasikii. Alikuwa na masikio ya kuchagua.

Na saa! Mtu yule na saa walikuwa wameoana kabla ya Kukhu. Alikuwa akisema kwamba zamani kila mji duniani ulikuwa na adhuhuri yake, jua likiwa utosini pako ni saa sita, na jirani shauri yake. Treni ndizo zililazimisha miji ikubaliane saa moja, kwa sababu magari mawili kwenye laini moja hayawezi kuwa na saa mbili tofauti. "Hiyo saa mnayoichezea," alituambia, "ni mtoto wa reli." Arusi ikiandikwa saa nne, saa nne alikuwa amekaa kiti cha mbele, peke yake na mtu wa kupanga viti. Bibi arusi akichelewa sana, alimpa salamu za heri mtu wa viti na kuondoka. Mchungaji wetu alikuja kumwogopa. Lakini Kukhu aliniapia kwamba mtu huyo huyo, katika miaka yote ya kazi, hakuwahi kufika mezani chakula kikiwa moto, maana treni ya mwisho ilikuwa daima imechelewa mahali.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa bomba. Ploti nzima tulikuwa na bomba moja, na asubuhi ilikuwa ni matusi na ndoo kugongana. Masta akasema dawa anayo. Kwenye laini moja ya reli, alitueleza, dereva haingii kipande cha njia kama hana tokeni mkononi, pete kubwa anayokabidhiwa na masta. Tokeni ni moja tu. Aliye nayo anapita, asiye nayo anangoja, na ndiyo maana hawagongani. Akatundika pete ya chuma karibu na bomba. Mwenye pete anateka, akimaliza anairudisha. Nakiri ilifanya kazi. Wiki nzima hatukutukanana, mpaka tukaanza kuchoshana.

Halafu jirani mmoja, mama mwenye mtoto aliyelazwa Mukumu, akapata simu ya hospitali akiwa bombani. Aliacha ndoo akakimbia na pete mkononi. Tukaamka hatuna tokeni. Maji yapo, bomba lipo, ndoo zipo, na Masta amesimama mbele ya bomba amekunja mikono.

"Tokeni iko wapi?" anauliza.

"Iko Mukumu, Masta!"

"Basi njia haiko wazi."

Tulimsihi. Kijana wa Bukura alimwomba kwa Kiingereza. Saluni yangu haikuwa na tone, na nilikuwa na mteja mwenye dawa kichwani, dawa inayochoma. Nikapandwa na mori. Nilimsogeza mzee wa watu kwa bega, nikafungua bomba, nikapiga kelele wasikie mpaka barabarani: "Masta, hakuna treni! Hakuna treni inakuja! Unangoja nini?"

Nilitegemea vita. Badala yake aliingia kwake akafunga mlango. Kwenye saa kumi alikuja saluni, akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mtoto wa Mukumu alikuwa amepata nafuu, alisema, pete imerudi. Halafu akanieleza kwa nini hakujenga isimba.

Kwenye reli, masta haachilii treni mpaka masta wa stesheni ya mbele ajibu kwamba njia ni nyeupe. Asipojibu, unangoja, hata abiria wakutukane. Kimya ni hatari. Kimya kinaweza kuwa ni gari lingine linakuja uso kwa uso. Hivyo ndivyo alivyofundishwa akiwa kijana, na alipopata likizo yake ya kwanza alituma neno nyumbani kwa watu wa basi: baba, nije nijenge? Baba hakujibu. Likizo ya pili akatuma tena. Kimya. Akatuma akiwa na mke, akatuma akiwa na watoto. Kila mara alingoja jibu, na jibu lisipokuja alibaki kwenye landhi. Mwishowe akaamini amekataliwa kwa sababu ya mke wa mbali. Baba akafa. Siku ya mazishi shangazi yake, ambaye sisi humwita senge, na senge hana breki ya mdomo, alimvuta kando.

"Wewe ulikuwa wapi?" senge aliuliza. "Mzee alikutengea mahali mpaka majani yakawa miti."

"Niliuliza kama nije. Hakujibu."

"Mtoto anaulizanga kama aje kwao? Mgeni ndiye anabishanga hodi. Baba yako alisema, huyu amekuwa mgeni. Angekujibu nini?"

Masta alinieleza hayo akitazama sakafu yangu yenye nywele. "Stesheni zote nilizokaa," akasema, "sikugonganisha treni hata moja. Nilikosa hiyo tu. Nilizuia gari kwa njia nyeupe."

Niliumia, na mimi nikiumia huwa nakuwa mkali. "Sasa ndugu yako si amekujibu?" nikamwambia. "Amejibu kwa kinywa kipana, amekukataa. Utafanyaje?"

Alifikiri. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, ukawa ule uso wa atlasi. "Hiyo si kimya," akasema. "Hiyo ni jibu. Na jibu mbaya si lazima ulikubali."

Mwezi haukuisha wakahama. Kukhu alifunga virago kwa mara nyingine, akaniachia sufuria, hakunieleza wanakwenda wapi, na mimi nilijua.

Nilikwenda kuwaona mvua zilipopungua, Jumatatu, siku ambayo saluni huwa haina watu. Niliteremka Malava nikauliza kwa mzee wa reli ni wapi. Mama wa kuuza ndizi alicheka mpaka akashika kiuno. "Yule mzee anajenga isimba? Fuata hiyo njia. Jana nilimwuliza, Masta, umetahiriwa lini? Akaniambia, juzi tu, sijapona, msinichekeshe."

Niliwakuta pembeni mwa boma, chini kidogo ya nyumba ya ndugu. Kijumba kilikuwa kimesimama nguzo na fito, bado hakijakandikwa. Masta alikuwa anafunga fito, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama yuko kazini. Kukhu alikuwa amepandisha leso, anakanyaga udongo, matope mpaka magotini.

"Mulembe, Masta."

"Umechelewa," akanijibu. "Chota maji."

"Ndugu yako amekubali?"

"Sikumwuliza."

Nikavua viatu. Hatukwenda mbali na kazi, ndugu mwenyewe akaja kutoka shambani na jembe begani. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu. Alikuwa mzee naye, mwenye kiuno kibovu, pua ile ile ya Masta. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni, lakini Masta alinikata jicho nikayameza.

"Kaka, nilisema," ndugu akaanza. "Nilisema mbele ya watu."

"Ulisema. Nilisikia. Nimekuja."

"Sikukuita."

"Hukuniita. Hapa ni kwa baba. Mtu haitwangi kwa baba yake. Nimechelewa kujua hiyo."

Ndugu akamgeukia Kukhu. "Shemeji, toka kwa matope. Hii ni maneno ya wanaume."

Kukhu hakuacha kukanyaga. "Shemeji yangu," akasema kwa kile Kiswahili chake cha pwani kilichonyooka, "mimi reli imenihamisha maisha yangu yote. Ikisema Londiani, nahama. Ikisema Timboroa, nahama. Sikuwahi kubisha hata siku moja. Hapa sihami. Ukitaka kubomoa, anza na mimi."

Ndugu alishusha jembe. Nilidhani atalitumia. Badala yake sauti ilimpasuka. "Baba alikufa akitazama barabara! Mimi ndiye nilikuwa namlisha uji. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza kitandani. Kila gari likisimama ananiuliza, ni yeye? Nimwambie nini? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nangoja anijibu," Masta akasema. "Nilidhani kimya ni kukataa. Ni mimi nilikosa, si reli. Uji ule ulikuwa wangu kumlisha, na wewe ulinifanyia. Lakini siondoki."

Hasira yangu yote juu ya mtu huyo iliniishia mikononi, na sikupenda. Ni rahisi zaidi kumchukia mtu ukiwa Amalemba.

Ndugu alipangusa uso kwa mkono wenye udongo. Alikuwa bado hajamaliza. "Na mkikufa?" akauliza, sasa kwa ukali wa mtu aliyebakiwa na jiwe moja tu. "Ukoo umekataa. Wewe mtu wa landhi, nani atakuchimbia kaburi hapa?"

Masta alikaza fundo la ufito, akalijaribu kwa kidole gumba, ndipo akageuka.

"Wewe," akasema. "Kwani nina ndugu mwingine?"

Kukhu aliacha kukanyaga matope. Ndugu alimwangalia kaka yake, akaangalia nyumba ya baba yao iliyobaki ukuta mmoja, akarudi akaangalia kijumba chenyewe, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kosa. Akalipata.

"Hiyo nguzo ya mlango imelala upande," akasema.

Masta, ambaye sijawahi kumwona akikubali kusahihishwa na binadamu yeyote, alisogea kando. "Isimamishe basi."

Ndugu akavua koti lake, akatafuta pa kuliweka, akanipa mimi nimshikie.